Mama Besi na Sakafu ya Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Watu siku hizi hawaongei, wanatafuna maneno. Muuza mkate anatafuna, jirani anatafuna, mwanangu ndiyo kabisa. Wiki iliyopita kaniambia, "Mama, Jumanne nitakuja na mmmh mmmh." Nikaitikia tu ili tusikeshe hapo. Kumbe nimemwitikia mchumba!

Basi leo wamekuja. Nimefungua mlango nina rola kichwani na gitaa la besi tumboni. Binti mrefu, suruali ya kazi, penseli nyuma ya sikio. Seremala. Na ni kiziwi tangu kuzaliwa, hasikii hata radi. Mwanangu kajifunza lugha ya alama kimyakimya, mimi huku nadhani jioni zile anakwenda mazoezi ya ngumi. Makubwa!

Ukalimani wake lakini una walakini. Binti kapeperusha mikono weee, kaonyesha meza yangu, ukuta, mimi, meza tena. Nikauliza, kasema nini? "Anasema asante kwa chai, mama." Hee! Asante gani ndefu hivyo? Mara binti kanipokeza vikombe kimoja kimoja — adabu anayo — akapindua meza miguu juu, akatoa bisibisi mfukoni, akakaza. Haiyumbi tena. Marehemu mume wangu aliahidi kuikaza meza hiyo mpaka akaenda zake.

Nimempa jina Binti Randa, maana kaja na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Sijaamua kama nampenda. Halafu nimewaza: mama mkwe nitamsemaje mkwe asiyesikia? Kazi yote ya umama mkwe imekwenda na maji.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ukumbini. Nimegombana na mdogo wangu. Yeye ndiye mpiga dramu wetu. Nilimfundisha mwenyewe utotoni, kwa sufuria na mwiko. Sasa ameanza uvivu. Zile sahani mbili ndogo za mguu wa kushoto, za tsi-tsi-tsi, ameacha kuzipiga! Kibwagizo kikiisha, ngoma kubwa inanyamaza, magitaa yananyamaza, sahani peke yake inahesabu nne, halafu mimi naingia na besi. Ndivyo tulivyo tangu bendi ianze. Watu hulipia hicho kimya. Sasa hahesabu. Nabaki nimening'inia hapo nabahatisha.

Nimemwambia mbele ya wote kwamba mvivu hana bendi. Akainama, akasema samahani, dada. Mpiga solo akakohoa. Huyo naye kikohozi chake hakina dawa. Anapiga solo, anaimba, anajiona yeye ndiye bendi na sisi ni viti vya kukodi.

Mwanangu kaja na Binti Randa. Nikamhurumia, atakaa hapo afanye nini? Wala! Kazunguka ukumbi mzima kama anayetafuta nyumba ya kupanga. Kaweka kiganja kwenye spika ya solo, kakunja pua. Kwenye spika ya kuimbia, kainua mabega. Kafika kwenye yangu. Kiganja kimoja. Viwili. Kisha kageuka, kakaa juu yake! Spika yangu! Macho kafumba, miguu inaning'inia, na kila nikienda noti za chini kabisa anatabasamu peke yake.

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuja kunisikiliza mimi. Besi ni chumvi: hakuna anayeisifu, ikikosekana ndipo kelele. Leo mtu kanikalia spika kwa hiari yake mpaka wimbo ukaisha, akaomba mwingine. Nimeamua. Nampenda.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yameshika kasi. Binti Randa ana wenzake, viziwi na wenye masikio hafifu, wanakutana kwenye karakana yake kila Jumapili. Kawasimulia habari ya spika. Wote wanataka! Mwanangu kampelekea maneno mwenye ukumbi, na mwenye ukumbi, aliposikia huenda wenye magazeti wakaja, akakubali kabla sentensi haijaisha. Onyesho Jumamosi tarehe 29, alasiri. Wasiosikia na wanaosikia ukumbi mmoja. Jumamosi hii tunajaribu kwanza na wachache.

Mpiga solo kauliza: sasa hao wasiosikia watayasikiaje makofi? Nikamwambia, makofi unapigiwa wewe, si wao. Akakohoa.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu. Aibu tupu. Niandike haraka nimalize nikalale mchana.

Wamekuja kama ishirini hivi. Wamekaa mstari wa mbele, wasafi, wamependeza. Mpiga solo kaangalia, katangaza kwa busara yake yote: "Hawa ni viziwi. Ongezeni sauti!" Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tukaongeza. Tukaongeza tena. Vioo vikalia. Fundi cherehani mmoja, mzee wa watu, ana mashine za masikio, kazing'oa zote mbili na kushika kichwa kama aliyepigwa. Wenzake wenye mashine wakafanya hivyo hivyo. Wale wasiosikia kabisa wametulia tu, wanatutazama jinsi tunavyotoa jasho.

Mwanangu kasimama mbele anatafsiri maneno ya wimbo, neno kwa neno, mnyoofu kama msoma taarifa ya habari. Mama mmoja kanyoosha mkono. Mwanangu kaona haya. Tukamlazimisha atafsiri. Mama anauliza: huyu bwana wa kwenye wimbo, kama mpenzi wake kamwacha tangu ubeti wa kwanza, mbona anaturudia na habari hiyo hiyo ubeti wa pili, wa tatu na wa nne? Hana kazi? Nilicheka mpaka plektra, kile kidude cha kukunia nyuzi, ikanidondoka. Mpiga solo, ambaye wimbo ni wake, hakucheka.

Mwisho wa mambo, mstari wa mbele ukawa mtupu. Wote wako kwangu. Wengine wamekumbatia spika, wengine wameegemea mgongo, nyuma yao foleni. Nilivimba kichwa, sitaficha. Lakini Binti Randa hakufurahi. Kapiga kisigino chini, mara tatu, kwa hasira. Mikono ikaenda, ikarudi, ikaenda. "Anasema sakafu mbaya," kasema mwanangu. Yote yale, sakafu mbaya! Siku moja nitalipia mkalimani mwingine.

Baadaye kwa kubembelezwa kaongeza kidogo. Zege limekufa, halipokei kitu. Watu ishirini hawawezi kukumbatia spika moja. Anataka kujenga sakafu ya mbao, yenye uwazi chini, na spika zangu zilazwe humo kifudifudi, ziimbie mbao. Kila mtu asimame juu ya muziki.

Spika zangu kifudifudi! Nimekubali kabla sijafikiri.

Jumanne, 18 Machi

Nimeshinda karakanani. Mikono yangu imejaa vibanzi na nina furaha.

Binti Randa hachagui ubao kwa macho. Anaugonga kwa kifundo cha kidole, halafu analaza kidevu na taya juu yake, anagonga tena. Ubao ukimjibu, unakwenda kulia. Usipomjibu, kushoto, utakuwa kabati la mtu. Misumari kaikataa kabisa, kwa kuwa msumari ukilegea mbao inatetema ovyo na kuharibu, skrubu tu. Chini ya kila boriti kaweka kipande cha tairi kuukuu ili mtikisiko usiishie kwenye zege. Nikamwuliza kwa vidole na macho, nani kakufundisha? Akajionyesha yeye mwenyewe, taya lake, na masikio akayapungia mkono kwaheri.

Wenzake wanne wanamsaidia. Wanapiga soga siku nzima huku midomo imebana skrubu! Sisi tukibana skrubu mdomoni ndiyo mazungumzo yamekwisha. Nimewaonea wivu. Nimejifunza alama ya ubao, ya nyundo, ya chai. Ya skrubu nimeikosea, na inasemekana nimetamka jambo lisilotamkwa mbele ya mkwe. Mmoja kacheka mpaka kakaa chini kwenye vumbi.

Ijumaa, 21 Machi

Hii siku niiandike vizuri.

Sakafu imeingia ukumbini tangu jana, mbele ya jukwaa, imepakwa vanishi. Binti Randa kasimama na ufagio mlangoni: viatu, nje! Mwenye ukumbi mwenyewe kavua, soksi imetoboka. Tukasema tuijaribu bendi nzima, tukashusha dramu, tukashusha kila kitu, tukasimama juu yake miguu mitupu.

Tukaanza. Lo! Besi langu linapanda kwenye nyayo, linapita magotini, linakaa tumboni. Sijawahi kulipata hivyo. Tukafika kibwagizo, kikaisha, kimya kikaja, nikajiandaa kubahatisha kama kawaida. Ghafla kitu kikanigonga kisigino. Tk. Tk. Tk. Tk. Nikaingia. Paa! Wote pamoja. Mdogo wangu kainua fimbo juu, anacheka, macho yamelowa. Mpiga solo alisahau kukohoa. Nikauliza mnachekea nini? "Hakuna, dada. Umeingia vizuri." Nikamwambia ni wewe uliyeacha uvivu. Akatazama sahani zake.

Jioni walipotoka kazini wakaja wenzake Binti Randa. Jamani, walivyocheza! Si kwa kufuata taa wala kwa kuangalia mwenzake. Wanacheza besi. Mimi nikisita, wanasita. Nikiteleza chini, wanateleza. Nikawachezea kidogo: nikasimama ghafla katikati. Wote wakaganda mguu juu, kisha wakanitishia ngumi kwa kicheko. Yule mama wa swali la ubeti alilala chali katikati ya sakafu, mikono kaitandaza, akabaki hapo hapo nyimbo mbili.

Wamenipa jina la alama. Kidole gumba kinakuna tumboni, chini ya mbavu, pale besi linapogonga. Jina zima, bila sauti hata moja. Mpiga solo kauliza, na mimi? Wakashauriana. Wakampa: mkono mbele ya mdomo, anayekohoa. Kanuna mpaka nyumbani.

Jumapili, 23 Machi

Nimemfukuza mkwe.

Walikuja kwa chai. Binti Randa kaanza kusema na mwanangu, mwanangu anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nikauliza nini? "Hakuna kitu, mama." Binti kampiga kikofi cha bega: tafsiri! Hataki. Anatazama kikombe. Basi binti akamwacha. Kanivuta mikono yangu, kailaza juu ya meza, viganja chini, nikae nihisi. Ngumi yake ya kulia ikagonga: ngoma ya mguu. Vidole vya kushoto vikakuna: besi. Akanionyesha mimi. Wimbo wetu ule ule. Vinakwenda pamoja, safi, pamoja. Kibwagizo. Kimya. Ngumi ikagonga. Vidole vikaja nyuma yake. Si mbali. Kama mtu anayefika kituoni wakati basi limeshaanza kutembea. Akarudia. Nyuma tena. Akarudia. Nyuma.

Kisha akaonyesha viatu vyangu: vidole nyuma. Akajifanya anavivua, akagonga: pamoja.

Nilijisikia joto mpaka kwenye masikio. Mimi! Nimeanza kupiga besi yeye hajazaliwa, huyu anayeweka kidevu kwenye mbao aje aniambie mimi nachelewa! Nikasimama, nikaonyesha mlango. Alama hiyo haihitaji mkalimani. Mwanangu akasema mama, tafadhali. Nikamwonyesha na yeye.

Chai yao iko mezani bado. Meza haiyumbi, laana yake.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemtoa mdogo wangu nyumbani kwake asubuhi, hata kifungua kinywa hajamaliza, nikampeleka ukumbini. Nikamkalisha kwenye dramu yake, jukwaani, kwenye zege. Nikasema piga sahani ndogo. Akanitazama. Nikasema piga!

Mguu wake ukashuka. Ukapanda. Ukashuka. Naziona sahani zinagusana, naziona zinatetemeka. Kimya.

"Piga basi!"

"Napiga, dada."

Nikakaa kwenye ngazi ya jukwaa. Akaja akakaa pembeni yangu, mtu mzima na kipara chake, ananishika mkono kama siku ya kwanza ya shule, ila safari hii mwanafunzi ni mimi. Akasema yote. Hakuna uvivu. Hajawahi kuacha kuhesabu. Nilianza kuchelewa zamani kidogo, wakadhani uchovu, halafu wakaelewa. Hakuna aliyethubutu kuniambia. Wakaniwekea utaratibu. Kikohozi cha mpiga solo ni ishara: ngojeni, Mama Besi bado. Kila kibwagizo, kila Jumamosi, bendi nzima inasimama kidogo kunisubiri nipande. Na mimi huwa nawagombeza!

Mpiga solo. Yule mpiga solo wangu wa viti vya kukodi, kifua chake kizima, anakohoa kwa ajili yangu.

Nimelia. Nimelia sana, kisha nikacheka, kisha nikalia. Mficha maradhi, dramu humuumbua. Kumbe muuza mkate hatafuni maneno. Kumbe birika langu jipya la filimbi si bovu — nimelirudisha dukani mara mbili, nikamwita mwenye duka mwizi!

Naogopa. Niliandike tu, hapa haniulizi mtu. Naogopa mwenye ukumbi akijua. Naogopa watu wakijua. Mpiga besi asiyesikia, nani atamwita? Gitaa likiondoka kwangu sijui nitaamka asubuhi nifanye nini.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda karakanani peke yangu. Alama ya samahani siijui, na mkalimani wangu hapokei simu. Binti Randa ananiona, hasimamishi randa. Nikatafuta ufagio, nikafagia. Nimefagia karakana nzima, chini ya meza, nyuma ya mbao, mpaka kona zisizofagiliwa. Kanitazama kwa upande. Mwishoni kaninyang'anya ufagio, kanipa msasa na mguu wa kiti.

Sijui nimesamehewa au nimeajiriwa. Nimesugua mpaka jua linazama. Wakati wa kuondoka kaniita kwa jina langu, la tumboni.

Alhamisi, 27 Machi

Daktari wa masikio. Kaniweka ndani ya kijumba kama stoo ya vitunguu, nikaambiwa nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nikadhani mashine yake mbovu. Jibu: sauti za chini ninazo, nzuri tu. Za juu zimekwenda. Sahani, filimbi, ndege, nusu ya maneno ya watu. Kauliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema aaah, akaandika. Miaka yote nimesimama sikio moja kwenye sahani za mdogo wangu. Sauti hizo hazirudi.

Kanipa mashine mbili. Mara dunia ikanirukia! Ndara zangu zina kelele hizi? Jokofu linaongea mchana kutwa? Na mwanangu, kanisamehe na kaja kula, kweli anatafuna, si maneno, chakula, na mdomo wazi! Nimemwambia. Kanijibu kwa alama ya pole. Halafu nimefungua dirisha na ndege walikuwepo. Nilidhani wamehama mtaa. Nimesimama pale mpaka chakula kikapoa.

Nimekata shauri. Nywele zitafunika mashine. Jumamosi nitapiga jukwaani, na viatu vyangu, mahali pangu pa siku zote. Mdogo wangu anasema, dada, shuka kwenye sakafu, nami nitashusha dramu, mguu wangu utausikia wote. Nikasema hapana. Nikisimama chini na viziwi watu watauliza kwa nini. Sakafu ni ya wageni. Mimi si mgeni.

Jumamosi, 29 Machi

Naandikia stoo, nyuma ya jukwaa, juu ya ndoo. Mapumziko. Kipindi cha kwanza kimekwisha, na afadhali kimekwisha.

Ukumbi umejaa. Upande mmoja wateja wetu wa siku zote, na wenye magazeti wawili. Upande wa sakafu wenzake Binti Randa, na wengine ambao hata hatuwajui, viatu vimepangwa ukutani vingi ajabu. Mwanangu yuko mbele yao na taa yake, anatafsiri. Safari hii hatafsiri neno kwa neno. Binti Randa kamfundisha, anaingia ndani ya wimbo, anacheza yule bwana aliyeachwa, wanacheka na kumzomea. Mambo mazuri. Isipokuwa mimi.

Mashine za masikio, dramu, spika, kelele za watu — kila kitu kinaingia mara moja, kama vyombo vyote vinaanguka jikoni. Nikazitoa, nikazitia mfukoni. Basi ndiyo kabisa. Kibwagizo cha kwanza nimechelewa. Cha pili nimewahi, vibaya zaidi! Wanaosikia huenda hawakujua. Lakini wale kwenye sakafu walijikwaa. Wote, pamoja. Watu wazima wamebaki mguu hewani wanatafutana. Yule fundi cherehani kamkanyaga mke wake. Na wote wakaniangalia mimi, maana wanajua besi ni nani. Mpiga solo alikohoa mpaka akakosa pumzi ya kuimba, masikini.

Jukwaani naficha aibu yangu, na wao ndio wanaanguka. Nimeona Binti Randa katikati yao. Hakukasirika. Alivuta tu pembeni mkeka wa kufutia nyayo, akaacha nafasi tupu kwenye mbao, inayotosha mtu na gitaa, akaendelea kucheza kuizunguka.

Nimekuja huku stoo, nimewaambia nashuka. Mdogo wangu kabeba ngoma kubwa kwa kichwa. Mpiga solo kabeba waya wangu, yeye mwenyewe, hajawahi kubeba waya wa mtu.

Mwenye ukumbi kaja mbio, kijikaratasi mkononi na maikrofoni isiyo na waya. Katunga tangazo: "Kwa moyo wa upendo, mpiga besi wetu anashuka kuwafariji ndugu zetu wasiosikia." Kuwafariji! Nikamwambia anifariji mimi. Sema nashuka kwa sababu huko ndiko ninakosikia. Kasema, mama, hilo halitangaziki, watu wamelipia bendi. Nikasema basi lete hiyo maikrofoni, nitasema mwenyewe. Kanipa kwa hasira, katoka nje kuvuta hewa.

Nimejaribu maneno, kwa sauti, huku nazunguka ndoo. Nimebonyeza kitufe, sijui kimewaka au la, kitaa chake kidogo na miwani sina. Nimegonga kichwa chake, sikusikia kitu. Basi nikajaribu tu.

La kwanza: "Mabibi na mabwana, kwa sababu za kiufundi." Uongo.

La pili: "Jamani, mimi masikio yangu yamechakaa. Za juu zimekwenda zote. Nimewagombeza watu miaka kwa kosa langu. Bendi hii ilikuwa inanikoholea." Hilo afadhali. Nikaongeza kwamba mpiga solo anaimba kidogo kupitia puani lakini moyo wake ni dhahabu. Nikaongeza kwamba mwenye ukumbi soksi zake zimetoboka, hilo nitalifuta. Nikasema: "Mkwe wangu kaniambia ukweli kwenye meza yangu na mimi nikamfukuza. Naogopa mtaniambia basi, mama, pumzika. Sitaki kupumzika. Nataka kupiga."

Hapo maneno yaliniishia. Nikakaa, nikashika tena kalamu.

Ngoja.

Mdogo wangu kasimama kwenye mlango wa stoo na ngoma mikononi, hasogei. Mdomo wazi. Ananyooshea kidole maikrofoni.

Nimechungulia kwenye pazia. Ukumbi mzima umegeukia huku. Wote wanaosikia, kimya, hata wenye magazeti. Mpiga solo kakaa chini juu ya waya wangu, kajifunika uso. Na wasiosikia hawatazami huku, wanamtazama mwanangu. Kasimama kwenye mwanga anatafsiri, taratibu, hajaruka kitu. Naona alama ya meza. Naona mlango. Naona jina langu, gumba linakuna tumbo. Analia na mikono haitetemeki. Binti Randa kamsogelea, kamshika bega.

Amemaliza. Mikono yake iko juu, wazi, imesimama hewani. Anangoja niendelee.